Dankworth: mtu wa jazi au wa dansi? Na ile alto nyeupe

SWALI: Napiga mdomo wa bata, yaani saksafoni ya alto, kwenye bendi ya dansi ya watu wanane hapa Morogoro. Wapulizaji tuko wanne: tarumbeta, alto, saksafoni ya tena (tenor) na tromboni. Mtandaoni nimekutana na "African Waltz" ya Johnny Dankworth wa Uingereza. Wengine wanamwita mwanajazi, wengine wanasema alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi tu. Ni lipi? Nasikia bendi yake ya kwanza ilikuwa ya watu saba. Walifanyaje isikike nzito? Halafu kuna picha ameshika alto nyeupe. Ni plastiki kweli, au ni ya kupigia picha?

JIBU: Ndugu msomaji, alikuwa vyote viwili. Jazi ndiyo aliyoipenda, dansi ndiyo iliyomlipa, na ukilijua hilo mambo mengi aliyoamua kati ya 1950 na 1964 yanaeleweka. Huku kwetu neno Jazz lilikaa kwenye mabango ya bendi za dansi, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, wala hakuna aliyelalamika. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na ugomvi wa kweli. Mpenzi wa jazi alikuja kukaa asikilize, mcheza dansi alilipa kiingilio acheze, na bendi iliyojaribu kuwaridhisha wote wawili ililaumiwa pande zote mbili.

Alizaliwa 20 Septemba 1927 huko Woodford, Essex, pembezoni mwa London. Alianza na fidla na piano, akahamia klarineti baada ya kusikia rekodi za Benny Goodman, mpiga klarineti wa Marekani, na akiwa na miaka 17 alikuwa mwanafunzi wa Royal Academy of Music. Kisha akamsikia Charlie Parker, mpiga alto wa Marekani, na alto ikawa ndiyo ala yake. Hilo la klarineti usiliruke. Klarineti inataka midomo ibane, na ukibonyeza kitufe cha juu noti inapanda hadi ya kumi na mbili kutoka uliyoanzia, yaani oktavu na tano juu yake. Alto inataka midomo ilegee, na inapanda oktavu. Anayehama klarineti bila kulegeza midomo hutoa alto nyembamba, tena iliyopanda kidogo kuliko wenzake. Sauti ya Dankworth ilibaki nyepesi na safi maisha yake yote, na kwa masikio yangu asili yake ni hiyo.

Shida ya kijana wa Kiingereza aliyependa bebop, ile jazi mpya ya kasi ya akina Parker, mwaka 1947 ilikuwa kwamba hakuna pa kuisikia. Tangu 1935, kwa mvutano wa vyama vya wanamuziki na vibali vya kazi, bendi za Marekani zilikuwa zimefungiwa mlango wa Uingereza kwa vitendo. Rekodi zilifika chache na kwa kuchelewa. Njia waliyoipata ilikuwa meli. Geraldo, kiongozi mkubwa wa bendi za dansi London, ndiye aliyeandaa wanamuziki wa meli za abiria zilizokwenda New York, na wenyewe walijiita jeshi la majini la Geraldo. Dankworth alipiga ndani ya Queen Mary. Usiku wa safari ni foxtrot na waltz kwa abiria. Meli ikitia nanga, wanakimbilia Mtaa wa 52 kumsikiliza Parker, halafu wanarudi melini na walichokikamata kichwani. Kwa hiyo hata bebop yake ililipiwa nauli na dansi.

Desemba 1948 yeye, mpiga tena Ronnie Scott na wenzao walifungua Club Eleven, Great Windmill Street, Soho. Jina ni hesabu tu: wanamuziki 10 na meneja 1. Bendi mbili zilipokezana, moja ya Scott na moja ya Dankworth. Mwaka 1950 klabu ilihamia Carnaby Street, polisi wakavamia, na haikuchukua muda ikafa. Kabla ya hapo, Mei 1949, alikuwa amekwenda kwenye tamasha la jazi la Paris akapiga na Parker mwenyewe, na sifa alizomwagiwa na Parker zikampatia ziara fupi ya Sweden na Sidney Bechet. Mwaka huohuo wasomaji wa gazeti la Melody Maker walimchagua mwanamuziki bora wa mwaka. Alikuwa na miaka 22, ana sifa tele, na klabu inayomlisha inakaribia kufungwa.

Ndipo likaja kundi la watu saba, mwaka 1950, na hapa ndipo penye faida kwako. Johnny Dankworth Seven ilikuwa na wapulizaji wanne walewale mlio nao: Jimmy Deuchar tarumbeta, Dankworth alto, Don Rendell tena, Eddie Harvey tromboni. Nyuma yao Bill Le Sage kwenye piano, Tony Kinsey kwenye dramu, na mpiga besi. Frank Holder, mzaliwa wa Guyana, aliimba na kupiga tumba. Mwaka 1951 akaja binti wa Southall, baba yake Mjamaika, kufanyiwa majaribio ya uimbaji. Waliahidi kumlipa pauni 6 kwa wiki, akagoma mpaka zikawa 7. Huyo ni Cleo Laine, na Machi 1958 akawa mkewe.

Uzito unaousikia haukuletwa na nguvu ya mapafu. Ulitoka kwenye kalamu. Wapulizaji wanne wakipiga noti moja, unapata wimbo mmoja wenye kelele. Wakigawana noti nne za kodi moja, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja (chord), na kusogea pamoja kama mtu mmoja, sikio linahesabu watu wengi kuliko waliopo. Jaribu hivi. Bendi iko kwenye ufunguo wa C, wimbo uko kwenye G iliyo juu ya C ya kati, kodi ni C yenye A ndani yake. Tarumbeta ipige hiyo G, alto E iliyo chini yake, tena C ya kati, tromboni A iliyo chini ya C. Sasa andika karatasi za kila mtu. Tarumbeta inaandikwa hatua moja juu ya inavyosikika, kwa hiyo mpe A. Alto inaandikwa sita kubwa juu, mpe C yenye shapu, yaani iliyopandishwa nusu hatua. Tena inaandikwa oktavu na hatua moja juu, mpe D. Tromboni anasoma anachokipiga, A. Ikitoka kama ugomvi badala ya kodi, angalia kwanza kama aliyeandika ya tena amesahau oktavu. Ndilo kosa linalotokea mara nyingi.

Mpangilio huo wa noti zilizobanana ni mtamu wimbo ukienda haraka. Wimbo ukipoa unasikika umefungiwa chumbani. Chukua noti ya pili kutoka juu, yaani ile E, uishushe oktavu nzima umpe tromboni. Tarumbeta anabaki na G, alto anapiga C, kwenye karatasi yake A. Tena anapiga A, kwenye karatasi yake B. Tromboni E ya chini. Noti ni zilezile nne, lakini sauti imefunguka. Usimshushe tromboni chini zaidi ya hapo akiwa ndani ya kodi, maana atagongana na besi na yote itakuwa uji. Na noti mbili za juu kabisa zisikae jirani kwa jirani, kama B na C. Wimbo wenyewe unapotea, watu wanasikia mkwaruzo tu.

Akikosekana mtu mmoja, usigawe kodi kwa kubahatisha. Anayeshika wimbo aushike. Wawili waliobaki wachukue noti ya tatu na ya saba ya kodi, maana hizo ndizo zinazosema kodi ni ya furaha au ya huzuni na inaelekea wapi. Noti ya kwanza mwachieni besi, analipwa kwa hiyo.

Jambo moja Dankworth hakulipata kwa ukali mnaolipata ninyi: magita. Bendi ya Uingereza iliyojengwa juu ya piano na wapulizaji ilikaa kwenye F, B flati (iliyoshushwa nusu hatua) na E flati, ambako alto na tena hupumua. Mpiga solo wa gita anapenda E na A. Bendi ikipiga E, karatasi ya alto inakuwa C shapu yenye shapu saba, na tena F shapu yenye sita. Ikipiga A, alto yuko kwenye F shapu. Mtu akikuambia mpuliza alto wenu ni mzito wa vidole, angalia kwanza ufunguo. Wimbo wa E uandikie alto kwa D flati yenye flati tano: sauti ni ileile, macho hayachoki. Au kaeni na mpiga gita mkubaliane G, ambayo kwa alto ni E yenye shapu nne, au C, ambayo ni A yenye tatu. Kisha msioanishe ala zikiwa baridi. Pulizeni dakika kumi kwanza. Joto hupandisha sauti ya ala za kupuliza na kushusha nyuzi, kwa hiyo ukumbi ukijaa mnaachana taratibu, ninyi juu, magita chini. Dawa ni kuvuta kipande cha mdomoni kitoke kidogo shingoni mwa alto, kama unene wa sarafu, usikilize tena.

Rudi kwa Dankworth. Mipangilio ya kundi lake ilikuwa mizuri na kumbi hazikujaa. Sababu unaweza kuihesabu kwa saa. Wacheza dansi wa Kiingereza walifundishwa kwa kasi maalumu: quickstep kwenye ba (vifungu vya mapigo manne) 50 hivi kwa dakika, foxtrot na waltz (yenye mapigo matatu kwa ba) kwenye 30 hivi. Quickstep ni mapigo 200. Bebop huanza hapo na kupanda, 240, 280, na miguu haina la kufanya. Upande wa pili ni balladi ya polepole mno kwa foxtrot. Bendi iliyotaka kualikwa tena ilijifunza kuficha mambo ya jazi ndani ya kasi ya dansi: kodi za ajabu, solo fupi, mapigo yasiyobadilika. Kundi lilipiga hivyo hadi 1953.

Mtu angetegemea apunguze watu. Yeye akaongeza. Oktoba 1953 bendi kubwa ilianza kwenye ukumbi wa dansi wa Astoria, Nottingham, ikiwa na watu wapatao 20 pamoja na waimbaji. Kihesabu haikuwa wazimu. Kumbi kubwa za mikoani zilinunua bendi kubwa. Kundi dogo lilikuwa la klabu, na klabu zilikuwa London. Gharama yake ni barabara. Barabara kuu ya M1 haikufunguliwa mpaka 1959, kwa hiyo basi la bendi lilipita katikati ya kila mji, na mtu aliyemaliza kupiga usiku wa manane alifika kwake asubuhi.

Juni 1956 akaingia kwenye chati na "Experiments with Mice", ikafika namba 7. Mtayarishaji alikuwa George Martin wa kampuni ya rekodi ya Parlophone, miaka michache kabla hajakutana na Beatles. Wazo ni la mzaha: wimbo wa watoto wa panya watatu vipofu unapigwa kwa mitindo ya bendi maarufu za Marekani, na Dankworth anatangaza kila mmoja kwa sauti yake. Isikilize kama somo. Kwa Billy May saksafoni zinateleza kutoka noti hadi noti. Kwa Glenn Miller klarineti inashika wimbo juu, tena inaurudia oktavu moja chini, na saksafoni nyingine zinajaza katikati. Kwa Gerry Mulligan piano inanyamaza kabisa. Kwa Stan Kenton tarumbeta zinapiga mayowe. Anayeweza kuigiza wote hao ndani ya rekodi moja ya dakika chache anajua kila bendi imejengwa kwa tofali gani.

Mwaka huohuo 1956 mlango uliofungwa tangu 1935 ulifunguliwa kwa mfumo wa kubadilishana, na Kenton mwenyewe akaja Uingereza na bendi yake. Rock and roll nayo ilikuwa imeshaanza kuwavuta vijana. Kuigiza Wamarekani hakukuwa tena na maana, wenyewe wako jukwaani. Dankworth akaivunja safu ya kawaida ya saksafoni tano. Akaweka mbele kikosi kidogo cha wapiga solo, yeye mwenyewe, tena na baritoni na mwenzao wa tarumbeta, na nyuma yao akapanga tarumbeta, tromboni na tuba. Ukisikiliza vizuri, ni wale saba wamewekwa mbele ya ukuta wa shaba. Bendi ya namna hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, mwaka 1959, na ikapiga klabu ya Birdland, New York. Kenny Wheeler alikuwemo kwenye tarumbeta. Baadaye kidogo Dudley Moore, ambaye watu wengi wanamjua kwa filamu za kuchekesha, alikaa kwenye piano.

"African Waltz" ilitoka 1961 na kufika namba 9. Haikutungwa na Dankworth, wala si wimbo wa Kiafrika. Ni ya Galt MacDermot, Mkanada aliyesoma Cape Town, ambaye baadaye alitunga muziki wa mchezo wa jukwaani "Hair". Mpiga alto Cannonball Adderley aliirekodi Marekani mwaka huohuo. Waltz yake si ile ya kuzungusha bibi harusi. Mapigo matatu yanakwenda haraka na mazito, na mwili unayasikia mawili makubwa. Mpiga ngoma wa pwani anayejua chakacha hatahangaika nayo, ila bendi ya dansi iliyozoea nne itakwama. Kosa la kawaida ni dramu kusisitiza mapigo yote matatu ya kila ba sawasawa, na wimbo unaanza kuchechemea. Hesabuni ba mbilimbili, sita kwa pamoja, uzito uwe kwenye moja na nne, besi ashike hayo mawili tu mpaka kila mtu atulie. Anzeni polepole. Kasi ya rekodi iacheni wiki ya tatu.

Baada ya hapo kalamu ilimlisha kuliko alto, na nitapita haraka kwa sababu hukuuliza. Muziki wa filamu: "Saturday Night and Sunday Morning" ya 1960, "The Servant" ya 1963, "Darling" ya 1965. Televisheni: wimbo wa kwanza wa "The Avengers" na ule wa "Tomorrow's World". Rekodi ya 1964, "The Zodiac Variations", ni ya kusikiliza, si ya kucheza, na kufikia hapo maisha ya kuzunguka kumbi za dansi yalikuwa yamekwisha. Mabango ya zamani yanamwita Johnny. Ya baadaye yanamwita John. Mwaka 1970 yeye na Cleo waligeuza zizi la farasi la nyumba yao ya Wavendon, Buckinghamshire, kuwa ukumbi wa muziki uitwao The Stables, nao upo mpaka leo. Alitunukiwa u-Sir mwaka 2006. Desemba 2009, mgonjwa, alipiga alto Royal Festival Hall akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki 6 Februari 2010, siku ambayo The Stables ilikuwa na tamasha la kutimiza miaka 40. Cleo hakuliahirisha. Walipiga mpaka mwisho, ndipo akawatangazia watu.

Sasa ile alto nyeupe. Ni plastiki, na alifanyia kazi kweli. Inaitwa Grafton, jina la mtaa wa London, kazi ya Hector Sommaruga, Mwitaliano aliyeishi huko. Ilianza kuuzwa 1950 kwa gini 55, yaani pauni 57 na shilingi 15, karibu nusu ya bei ya alto ya shaba. Baada ya vita shaba na mafundi vilikuwa ghali, na mwili wa akriliki unamiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa kwa nyundo. Dankworth alikuwa miongoni mwa waliotumiwa kuitangaza. Parker aliipiga Toronto, Massey Hall, 15 Mei 1953, na mwenzake wa Marekani Ornette Coleman alianza kuitumia kwa sababu ya ufukara. Ukisikiliza hiyo rekodi ya Toronto bila kuambiwa, hutajua ni plastiki. Sauti ya alto inatoka zaidi kwenye hewa iliyomo ndani, ridi (ule ulimi wa tete mdomoni) na mdomo wako kuliko kwenye kuta za ala.

Kilichoiua ni ufundi. Akriliki haikunji, inapasuka. Alto ya shaba ikianguka inabonyea na fundi anainyoosha. Grafton ikianguka inaachia kipande, na gundi hushika mpaka safari ijayo. Vitufe vyake vilitumia springi za kujiviringisha badala ya sindano za kawaida, hivyo vidole vinahisi kama vinabonyeza sponji, na springi za alto nyingine haziingii. Utengenezaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1960 na vipuri vikakoma navyo. Ile ya Parker iliuzwa kwenye mnada London mwaka 1994 kwa pauni 93,500, ikaenda Kansas City kwenye makumbusho. Dankworth mwenyewe alirudi kwenye shaba. Ukiona moja inauzwa, itazame mwanga ukipita chini ya pedi za noti za chini na kwenye viungo vya nguzo za vitufe, huko ndiko nyufa huanzia. Kama ipo nzima, inunue ya kuweka ukutani. Ya kazini tafuta ya shaba iliyochakaa ambayo fundi wa Morogoro anaweza kuifungua.